Magobore ya Usumbwa na Mkataba wa Brussels

Madini ya risasi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327 za Selsiasi, na moto wa kawaida wa mkaa, ukipepewa kidogo, unatosha kuyafikisha hapo. Warongo, wafua chuma waliojulikana sana upande wa Geita na Biharamulo, walikuwa wakichoma mawe ya chuma katika tanuri za udongo kwa joto linalozidi nyuzi 1,100. Majembe yao yalifika Usukuma na Unyamwezi, yakanunulia mifugo na kulipia mahari. Kwa mafundi wa namna hiyo, kuyeyusha kipande cha risasi na kukimimina ndani ya kalibu halikuwa jambo la kuwatoa jasho. Bunduki zilipoingia nchini mwao, ufundi wa kutengeneza risasi walikuwa nao tayari. Walichokosa ni baruti ya uhakika, na baadaye wakakosa kitu kikubwa zaidi: ruhusa ya kuwa na bunduki ya kisasa.

Gobore, yaani bunduki ya kushindilia, leo hutajwa Shinyanga na Geita kama kifaa cha mwindaji haramu au kitu cha babu kilichosahaulika darini. Wengi hudhani lilibaki mikononi mwa watu wa ukanda huu kwa miaka mingi kwa sababu hawakujua lililo bora. Historia inasema vingine.

Mwaka 1858 John Hanning Speke alipotoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, kwenda kuliona ziwa kubwa la kaskazini, alipita Msalala na Salawe, maeneo ambayo sasa yako mkoani Shinyanga. Silaha za wenyeji wakati huo zilikuwa mkuki, upinde na mshale. Bunduki nyingi zilikuwa za misafara ya pwani. Lakini biashara ya pembe za ndovu ilikuwa inapanda kwa kasi, nayo ilihitaji wawindaji. Wasukuma na Wasumbwa walikuwa na chama cha wawindaji wa tembo, Bayege, chenye dawa zake, nyimbo zake na miiko yake. Katika Unyamwezi walikuwapo pia wawindaji wa bunduki walioitwa makua. Meno ya tembo yaliteremka pwani, na bunduki zikapanda bara.

Msumbwa mwenye sifa kuliko wote hakubaki kwao. Ngelengwa, mwana wa Kalasa, aliondoka Unyamwezi katikati ya karne ya 19 akifuata shaba na pembe za ndovu, akafika ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na kuanzisha dola yake Bunkeya, katika Katanga. Dunia inamjua kwa jina la Msiri. Watu wake waliitwa Wayeke, jina linalotokana na wale Bayege wa kwao. Msiri alinunua bunduki na baruti kwa njia mbili, moja ya Benguela katika pwani ya Angola na nyingine ya Unguja, na kwa silaha hizo aliwatawala watu wengi kuliko wale aliofika nao. Aliuawa kwa risasi mwezi Desemba 1891, wakati msafara wa Kapteni Stairs ulipokwenda kumtaka apokee bendera ya mfalme wa Ubelgiji.

Bunduki zenyewe zilikuwa za aina gani? Majeshi mengi ya Ulaya yalianza kuachana na bunduki za kushindilia katika miaka ya 1860, yakachukua zile zinazopakiwa kwa nyuma. Mamia ya maelfu ya bunduki kuukuu yakabaki maghalani, na wafanyabiashara wakayapatia soko Afrika. Viwanda vya Birmingham na Liège navyo vilitengeneza bunduki rahisi kwa ajili ya biashara hiyo tu. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza Unguja, Charles Euan-Smith, alikadiria kwamba kati ya bunduki 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipitia huko kila mwaka kuelekea bara.

Mwenye gobore alimimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, akaweka risasi, akashindilia kwa mdeki, kisha akategemea jiwe la gumegume au fataki kuwasha. Kila mlio ulikuwa kazi ya mikono ya mpigaji mwenyewe. Risasi ya kumimina haikuwa na gamba wala umbo la kuchongoka, ilikuwa donge laini la duara, na wengine walipoikosa walitumia vipande vya chuma au marisau. Baruti nyeusi haikuisukuma kwa kasi kubwa. Hilo lilifaa, kwa sababu madini ya risasi ni laini mno: yakisukumwa kwa kasi ya bunduki za leo hukwaruzika na kuacha utando ndani ya mtutu. Kwa mwendo wa polepole, donge hilo zito liliua vizuri kwa karibu. Kwa mbali halikuwa na shabaha ya kutumainiwa, na moshi mzito ulimtangaza mpigaji kwa kila aliyekuwa akimtafuta.

Mtemi Mirambo wa Urambo alielewa udhaifu huo akautumia. Agosti 1871, Waarabu wa Tabora walipokwenda kumpiga, huku Henry Morton Stanley akiwa pamoja nao, aliwaacha wateke ngome moja. Kisha akawavizia njiani wakirudi wamelemewa na pembe walizopora. Katika nyasi ndefu, ambako bunduki hupigwa hatua chache tu kutoka kwa adui, gobore na mkuki vilikwenda pamoja. Baadaye mwezi huohuo Mirambo aliingia Tabora na kuchoma sehemu yake. Vita viliendelea kwa miaka, na Waarabu walijaribu kumzuia asipate baruti, kwani kila mtu alijua kwamba risasi mtu angeweza kujimiminia mwenyewe, ila baruti nzuri ilitoka pwani.

Biashara hiyo ilipata pia dalali wa ajabu, Charles Stokes, mtu wa Ireland aliyekuja kama mmisionari akageuka mfanyabiashara. Alioa Limi, binti wa ukoo wa kitemi, ndugu yake Mtinginya wa Usongo, kusini kidogo ya Shinyanga ya leo, na misafara yake ikapitisha bunduki na pembe kati ya pwani, Usukuma na Buganda. Wabelgiji walimnyonga Januari 1895 huko Kongo kwa kosa la kuwauzia silaha maadui wao. Kunyongwa kwa raia wa Uingereza pasipo rufaa kulizua kelele Ulaya nzima, jambo ambalo halikuwapata maelfu ya Waafrika waliokufa kwa bunduki zilezile.

Wakati huo mambo yalikuwa yamekwisha kubadilika. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyotoa moshi, na mwaka 1886 Ufaransa ikatoa bunduki ya Lebel iliyotumia baruti hiyo. Risasi sasa ilikwenda kwa kasi ambayo donge tupu lisingeivumilia, ikabidi livikwe gamba la chuma kigumu zaidi. Pengo kati ya gobore na bunduki ya Ulaya, ambalo mwaka 1860 lilikuwa la kuvukika, likawa bonde. Wasukuma wa Nera waliliona mapema. Septemba 1889, Stanley alipopita kwao akirudi pwani na Emin Pasha, aliyekuwa amekwenda kumwokoa, walipigana na msafara wake uliokuwa na bunduki ya rashasha ya Maxim, wao wakiwa na mikuki, mishale na magobore machache.

Ndipo ukaja mkataba. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa 17, ikiwemo Zanzibar yenyewe, yalitia saini mjini Brussels makubaliano ya kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, uingizaji wa bunduki za kisasa na risasi zake ulipigwa marufuku, isipokuwa kwa watawala na kwa watu wachache wenye vibali. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji, tena chini ya usimamizi wa serikali, ni bunduki ya gumegume yenye mtutu laini na baruti ya kawaida.

Nia ya kuzuia utumwa ilikuwa ya kweli, na bunduki hakika zilikuwa zimeuchochea. Lakini mkataba huohuo ulihakikisha kwamba Mwafrika hatapata silaha inayolingana na ya mtu anayekuja kumtawala. Mjerumani aliingia Unyamwezi na Usukuma akiwa tayari ameshinda kwa kalamu. Januari 1893, Luteni Tom von Prince alipoivunja ngome ya mtemi Isike wa Unyanyembe, Isike aliiwasha ghala yake ya baruti akajilipua pamoja na watu wake. Baruti ya kutosha alikuwa nayo. Hakuwa na bunduki za kuitumia dhidi ya mizinga na rashasha.

Hata askari wa Wajerumani wenyewe walichelewa kupata silaha za kisasa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari, waliotoka kwa wingi Unyamwezi na Usukuma, zilikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871: milimita 11, risasi tupu ya uzito wa gramu 25 hivi, baruti nyeusi na wingu la moshi kila inapolia. Ushindi wa Tanga wa Novemba 1914 uliwapatia mamia ya bunduki za kisasa na risasi zaidi ya nusu milioni. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojigeuza ya Kidenmaki ili kupenya vizuizi, ilishambuliwa na manowari Hyacinth katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena iliokolewa majini, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Zikafumuliwa moja moja, baruti ikasafishwa, fataki nyingine zikabadilishwa, kisha kila ganda likajazwa upya kwa mkono. Kazi hiyo ya subira imetajwa na Jenerali von Lettow-Vorbeck mwenyewe katika kumbukumbu zake, na inastahili kukumbukwa kuliko mapigano mengi yaliyoandikiwa vitabu.

Waingereza walipochukua Mwanza Julai 1916, na Wabelgiji Tabora Septemba mwaka huohuo, mpangilio wa silaha ulibaki uleule: mlowezi na ofisa walipata raifo, mkulima akapewa kibali cha gobore la kulindia shamba dhidi ya nguruwe na nyani. Shinyanga yenyewe ikashuhudia upande wa pili wa mpangilio huo. Charles Swynnerton, ofisa wa kwanza wa wanyamapori Tanganyika, aliifanya Shinyanga kuwa makao ya utafiti wa mbung'o. Katika miaka ya 1940, baada ya kifo chake, maelfu ya wanyama walipigwa risasi huko katika jaribio la kuwanyima mbung'o chakula. Serikali iliyokuwa ikimkamata mkulima kwa swala mmoja iliteketeza makundi mazima.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliacha silaha za kivita mikononi mwa wezi wa ng'ombe, na gobore likawa dogo mbele yao. Sungusungu, vikundi vya ulinzi wa jadi, walipoanza Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, walirudia silaha ya mababu, upinde na mshale, pamoja na firimbi na umoja wa kijiji. Huko Geita, baruti na fataki leo ni za mgodini, na zina sheria yake.

Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 inakataza mtu kutengeneza bunduki au risasi bila leseni, na gobore la fundi wa kijijini halina msamaha humo. Ni sawa iwe hivyo; mtutu uliotengenezwa kwa bomba unaweza kupasuka na kumkata mpigaji vidole. Mwaka 2022 serikali ilitoa miezi miwili, Septemba na Oktoba, kwa wananchi kusalimisha silaha haramu bila kushtakiwa. Silaha zinazosalimishwa kwa kawaida huishia motoni.

Jeshi la Polisi lingefanya jambo la heshima kama lingechagua magobore machache ya kale, likayaziba mitutu na kuyakabidhi Makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutunza urithi wa Wasukuma. Na wazee wa Bukombe, Msalala na Geita ambao baba zao walifua vyuma na kumimina risasi wahojiwe sasa, majina ya mafundi hao yaandikwe, na kalibu zao zikusanywe kabla hazijauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu.