Matiti au Maziwa? Jina la Pango na Historia Yake

Huko Muhokya, wilayani Kasese, mawe ya chokaa huchimbwa yakachomwa, yakauzwa. Kaskazini, karibu na Fort Portal, madini ya chokaa hudondoka pangoni pamoja na maji meupe, yakaganda kuwa mawe yanayoning'inia. Watalii huja kuyatazama. Pango hilo ni Amabere ga Nyina Mwiru. Kwa mapokeo, Bukuku alimkata bintiye Nyinamwiru matiti, lakini mjukuu, Ndahura, alinusurika akatawala Bachwezi. Kitooro hutenganisha amabere, matiti, na amata, maziwa ya kunywa. Neno letu "maziwa" hubeba yote mawili (na ziwa la kreta lililo jirani pia). Mfasiri anayeandika "Maziwa ya Nyinamwiru" humweleza mtalii maji, akaficha kisu. Kibao cha pangoni kiandikwe "matiti", bila kuona haya.