Mianga Kabla ya Maumivu: Historia Ndefu ya Kipandauso na Kiharusi

Katika maandiko ya Kigiriki yanayobeba jina la Hippocrates, yaliyoandikwa takriban miaka 400 kabla ya Kristo, yamo magonjwa mawili ambayo waandishi wake hawakuyadhania kuwa na undugu. La kwanza ni la mtu anayeona mwanga ukimulika mbele ya jicho lake, kisha maumivu makali yanamshika kwenye kipaji na kusambaa hadi shingoni, na akitapika anapata nafuu. La pili ni la mtu mzima wa afya anayeanguka ghafla, sauti ikakatika, akabaki anakoroma. Hili la pili, wakati huo, lilihesabiwa kuwa hukumu ya kifo.

Leo tunayaita kipandauso na kiharusi, na tunajua kuwa yana mahali yanapokutana. Mahali penyewe ni ule mwanga. Kufika hapo kumechukua zaidi ya miaka elfu mbili, na katika safari yote hiyo jambo moja linajirudia: hatua kubwa zilipigwa pale mtu alipochukua muda kusikiliza kile ambacho mgonjwa hukiona kabla kichwa hakijaanza kuuma.

Nusu ya kichwa

Katika karne ya 2, Aretaeus wa Kapadokia aliyatenga maumivu ya upande mmoja wa kichwa na maumivu mengine. Galen, aliyekuwa tabibu Roma katika karne hiyohiyo, aliamini chanzo chake ni mivuke mibaya inayopanda kutoka tumboni. Fikra hiyo ilitawala kwa karne nyingi.

Matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu waliichunguza zaidi hali ya mgonjwa mwenyewe. Ibn Sina, katika al-Qanun fi al-Tibb, alieleza jinsi mwenye maumivu hayo asivyovumilia mwanga wala sauti, akatamani kulala gizani peke yake. Kule Cordoba, al-Zahrawi alishauri kumchoma mgonjwa kwa chuma cha moto, au kumchanja kwenye kipaji na kuingiza punje ya kitunguu saumu chini ya ngozi. Tukishangaa ukali wa tiba hiyo, tukumbuke na ukali wa maumivu: watu waliikubali.

Damu au neva?

Kiharusi ndicho kilichofichuliwa siri mapema zaidi, kwa sababu kinaacha alama katika maiti. Mwaka 1658, Johann Jakob Wepfer wa Schaffhausen, Uswisi, alichapisha matokeo ya kupasua miili ya waliokufa kwa kiharusi, akaonyesha damu iliyomwagika ndani ya ubongo. Mwaka 1664 Thomas Willis wa Oxford alieleza pete ya mishipa iliyo chini ya ubongo, inayoitwa kwa jina lake hadi leo. Katika karne ya 19, Rudolf Virchow wa Ujerumani alithibitisha kuwa bonge la damu linaweza kujitunga mahali pamoja, likasafiri, na kwenda kuziba mshipa wa mbali. Ikawa wazi kwamba kuna kiharusi cha mshipa kupasuka na kiharusi cha mshipa kuziba.

Kipandauso hakiachi alama kama hizo, kwa hiyo ushahidi wake ulibaki mdomoni mwa wagonjwa. Mwaka 1870 daktari Mwingereza Hubert Airy alichapisha michoro ya kile alichokiona mwenyewe kabla ya maumivu. Ni doa dogo karibu na kitovu cha macho, linalopanuka taratibu na kuwa upinde wa mistari yenye pembe kali inayometameta, mfano wa kuta za Ngome ya Yesu ukizitazama kutoka angani. Ndani ya upinde huo, maandishi hayasomeki. Hali hiyo madaktari huiita aura. Wengi hawaipati: kati ya watu watatu au wanne wenye kipandauso, huwa nayo takriban mmoja. Wengine, badala ya mianga, huhisi ganzi inayotambaa kutoka vidoleni hadi mdomoni, au maneno huwapotea.

Miaka mitatu baadaye Edward Liveing aliandika kuwa kipandauso ni dhoruba ya neva. Waliompinga walisema ni ugonjwa wa mishipa ya damu. Mwaka 1938 kundi la mishipa lilionekana kushinda, baada ya John Graham na Harold Wolff kuonyesha kwamba ergotamini, dawa inayobana mishipa, hupunguza mapigo ya mshipa wa kipajini pamoja na maumivu.

Ubishi huo ulifunguliwa upya na mgonjwa mwingine. Karl Lashley, mwanasaikolojia Mmarekani, alichora mara kwa mara doa lililokuwa likipanuka machoni mwake, akapima muda, na mwaka 1941 akakadiria kuwa kitu fulani kinasafiri juu ya ubongo kwa kasi ya milimita 3 kwa dakika. Mwaka 1944 Mbrazili Aristides Leão, akifanya utafiti Harvard kwa kutumia sungura, aliliona wimbi hilo: seli zinachangamka kwa nguvu kisha zinanyamaza, na kunyamaza huko kunasonga mbele kama moto wa nyika unaoacha majivu nyuma yake. Kasi ilikuwa ileile. Na mwaka 1981 Jes Olesen na wenzake huko Denmark walionyesha kwa wagonjwa kwamba wakati wa aura mtiririko wa damu hupungua, na upungufu huo husambaa polepole juu ya ubongo.

Hapo ndipo njia mbili zilipokutana. Wimbi la neva huandamana na upungufu wa damu, na upungufu wa damu ndio mama wa kiharusi cha kuziba.

Kidonge na swali la Paris

Wakati maabara zikishughulika na mawimbi, maisha ya wanawake yalikuwa yamebadilika. Mwaka 1960 Marekani iliidhinisha kidonge cha kwanza cha kuzuia mimba, na kila kidonge kilikuwa na mikrogramu 150 za homoni ya jamii ya estrojeni; vya leo vingi vina kati ya 20 na 35. Estrojeni huongeza uwezo wa damu kuganda. Katika miaka ya 1970, uchunguzi uliofanywa katika hospitali nyingi za Marekani uliwahusisha wanawake vijana waliopata kiharusi na matumizi ya vidonge, na kipandauso kikajitokeza katika hesabu hizo.

Jibu lililo wazi zaidi lilitoka Paris mwaka 1995. Christophe Tzourio, Marie-Germaine Bousser na wenzao waliwalinganisha wanawake 72 wa chini ya miaka 45 waliopata kiharusi cha kuziba na wengine 173 wasio nacho. Wenye kipandauso chenye aura walikuwa na hatari ya takriban mara 6. Kwa mwenye kipandauso aliyevuta sigara 20 au zaidi kwa siku, hatari ilifika mara 10; aliyetumia vidonge vya kuzuia mimba, karibu mara 14.

Tafiti kubwa zaidi zilifuata. Mwaka 2004 Waholanzi waliwapiga picha za ubongo wakaazi wa kawaida na kukuta kuwa wenye kipandauso, hasa chenye aura na cha mara kwa mara, walikuwa na makovu mengi zaidi ya kiharusi kimyakimya katika sehemu ya nyuma ya ubongo. Mwaka 2006 Wamarekani walichapisha matokeo ya wanawake 27,840 wa miaka 45 na zaidi: waliokuwa na aura walikabiliwa na hatari karibu mara mbili ya kiharusi cha kuziba, na waliokuwa na kipandauso bila aura hawakuonekana kuwazidi wengine kwa hatari hiyo.

Sababu si moja. Wakati mwingine aura yenyewe haikomi, na sehemu ya ubongo inakufa. Hilo ni nadra sana. Wakati mwingine ugonjwa mmoja huzaa yote mawili. Familia zilizofuatiliwa na madaktari wa Paris ziliongoza kwenye ugunduzi, mwaka 1996, wa hitilafu katika jeni ya NOTCH3: wenye hitilafu hiyo huweza kuanza na kipandauso chenye aura wakiwa vijana na kuishia na viharusi vinavyorudiarudia. Tundu dogo kati ya vyumba vya juu vya moyo, ambalo takriban robo ya watu wazima wanalo, huonekana zaidi kwa wenye aura, lakini jaribio la Uingereza la kuliziba, lililochapishwa 2008, halikuwaondolea kipandauso.

Kuipima hatari kwa haki

Mara sita au mara mbili ya kitu kidogo ni kitu kidogo bado. Kwa makadirio ya wataalamu wa Ulaya ya mwaka 2017, kati ya wanawake 100,000 wa miaka 20 hadi 44, wanaopata kiharusi cha kuziba kwa mwaka ni 2 au 3 miongoni mwa wasio na kipandauso na wasiotumia homoni. Miongoni mwa wenye aura ni 6. Miongoni mwa wenye aura wanaotumia homoni za kuzuia mimba ni 37. Walio wengi mno hawatapata kiharusi kamwe, na hakuna anayepaswa kulala na hofu. Lakini pengo kati ya 6 na 37 ni pengo tunaloweza kuliziba, na kulinyamazia ni kosa.

Shirika la Afya Duniani limetoa msimamo: mwenye kipandauso chenye aura asitumie vidonge vyenye estrojeni. Njia nyingine zipo, na Afrika Mashariki zimezoeleka: sindano, vipandikizi, vidonge vya projestini pekee na kitanzi.

Kwetu kuna uzito wa ziada. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na wilaya ya Hai kati ya 2003 na 2006 ulikuta kuwa Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri, watu takriban 316 kati ya 100,000 walipata kiharusi kwa mwaka, kiwango cha juu hata kwa kipimo cha dunia. Shinikizo la damu lisilotibiwa ndilo mchangiaji mkuu. Mwenye aura katika mazingira haya anapaswa kuijua presha yake na kuachana na sigara.

Ajue pia kuitofautisha aura na kiharusi. Aura huja polepole, husambaa kwa dakika kadhaa, na kwa kawaida huisha ndani ya saa moja. Kiharusi hupiga ghafla: uso unapinda, mkono unalegea, kauli inapotea. Ikiwa ni mara ya kwanza, au dalili si zile zilizozoeleka, mgonjwa apelekwe hospitali papo hapo. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze.

Mwanamke anapofika kliniki ya uzazi wa mpango huulizwa idadi ya watoto na hupimwa uzito. Aulizwe pia kama huumwa kichwa upande mmoja, na kama kabla ya maumivu huona mianga au huhisi ganzi. Hilo halihitaji mashine wala maabara. Asipoulizwa, aseme mwenyewe kabla hajapokea vidonge vya majira, na mhudumu ayaandike maneno yake kwenye kadi.