Mfalme Aliyehamishwa

Wanafunzi wetu hutuuliza: mfalme akishindwa, ufalme wake huenda wapi? Swali hili lina uzito wa pekee kwa mwalimu aliyeko Gikundamvura, kusini mwa Wilaya ya Rusizi, iliyokuwa Cyangugu, nchini Rwanda. Maana mfalme mmoja wa namna hiyo aliishi karibu naye, pale Kamembe.

Kwanza tutazame Kitabu cha Pili cha Wafalme. Mwaka 597 kabla ya Kristo, Yehoyakini, mfalme kijana wa Yuda, alijisalimisha kwa Nebukadreza. Hakuuawa. Alichukuliwa Babeli pamoja na mama yake. Kisha Nebukadreza akamtawaza Matania, ami yake Yehoyakini, akambadili jina na kumwita Sedekia. Sedekia naye alipoasi, wanawe waliuawa mbele yake, kisha yeye mwenyewe akang'olewa macho. Adhabu hii inatisha zaidi, lakini ile ya kwanza yafaa kuchunguzwa sana. Yaonyesha kuwa mfalme aweza kuvunjiwa heshima bila damu kumwagika: aachwe hai, jamaa yake aketi mahali pake, na mshindi awe ndiye atoaye kiti.

Mambo kama hayo yalitokea Rwanda. Wabelgiji, walioitwaa nchi hiyo kwa Wajerumani mwaka 1916, walimpunguzia Mwami Yuhi Musinga madaraka hatua kwa hatua. Naye akakataa kubatizwa. Tarehe 12 Novemba 1931 walimuuzulu. Siku mbili baadaye aliondoka Nyanza kwenda Kamembe, na mama yake Kanjogera akiwa pamoja naye. Tarehe 16 mwanawe Rudahigwa alitangazwa mwami kwa jina la Mutara, bila ya abiru, walinzi wa siri za ufalme, kuongoza sherehe. Kalinga, ngoma ya ufalme, haikumfuata Musinga. Mwaka 1940 alipelekwa mbali zaidi, Moba, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Kongo, akafa huko mwaka 1944.

Hatusemi kwamba Musinga alikuwa mtawala mpole. Kiti chenyewe alikipata kwa damu iliyomwagika Rucunshu mwaka 1896. Hata hivyo, tofauti moja yatugusa. Baada ya miaka 37, Evil-merodaki wa Babeli alimtoa Yehoyakini kifungoni, akambadilishia mavazi na kumkaribisha mezani pake. Musinga hakupata meza hiyo.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika habari hii. Kwetu, uhamisho ni barua ya kwenda shule nyingine. Katika Biblia, neno hilo hilo ni utumwa wa Babeli. Basi mwanafunzi akiandika kwamba Musinga "alihamia" Kamembe, au kwamba "alijiuzulu", asisahihishiwe sarufi tu. Ahamaye huhama kwa hiari yake. Ahamishwaye amehamishwa na mtu. Ajiuzuluye ameamua mwenyewe, auzuliwaye ameamuliwa. Tumwulize mwanafunzi huyo: ni nani aliyetenda? Asipoweza kumtaja mtendaji, basi somo la historia halijamfikia bado, hata kama tarehe zote amezikariri.