Chaja za sola: Pima paneli kwanza kabla ya kufunga safari

ABIRIA anayevuka kwa feri Likoni alfajiri kuelekea Lunga Lunga, au anayepanda matatu Kisauni kwenda Garsen, hubeba simu ambayo ndani yake mna nauli ya kurudi, nambari za jamaa anaowaendea na pengine ujumbe wa tarehe ya hospitali. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, simu imekuwa pia mfuko wa pesa. Betri ikimalizika njiani, mfuko huo hufungika.

Ndiyo sababu chaja ndogo zinazotumia miale ya jua zimepata wanunuzi wengi Mombasa bara, kuanzia Likoni hadi Kongowea na Magongo, Changamwe. Hata kwa asiyesafiri zina kazi yake. Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima, ikapotea tena Novemba 11 na Desemba 10 mwaka uo huo.

Wazo lenyewe si geni. Mnamo 2009 kampuni ya Safaricom ilileta sokoni Simu ya Solar, iliyoundwa na ZTE ya Uchina na kuuzwa kwa Sh2,999. Paneli yake ilikuwa ndogo mno, lakini simu za siku hizo nazo zilikula umeme kidogo. Simu za kisasa zenye kioo kipana zina njaa kubwa zaidi, ilhali paneli zinazobandikwa kwenye vifaa vingi vinavyouzwa leo hazijaongezeka sana kwa ukubwa. Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea.

Kifaa kinachouzwa zaidi ni pawa benki, yaani betri ya kubeba, yenye paneli nyeusi inayotoshana na kiganja upande mmoja. Kwenye kasha huandikwa kwa herufi kubwa 20,000 mAh, na mteja huamini kwamba jua la mchana mmoja litaijaza. Hesabu inakataa.

Betri ya 20,000 mAh yenye volti 3.7 huhifadhi wati-saa 74. Paneli ya kiganja hutoa wati 1.5 hivi jua likiwa utosini. Kwa siku njema yenye saa tano za jua kali, hiyo ni wati-saa saba na nusu, na baada ya umeme unaopotea njiani, hubaki kama tano. Betri hiyo itahitaji takribani wiki mbili za jua lisilo na mawingu ili ijae.

Kwa mizani nyingine, simu ya kisasa yenye betri ya 5,000 mAh huhitaji wati-saa 19 hivi. Kiganja hicho cha paneli kitaipa robo yake kwa siku nzima. Mwenye simu ndogo ya vibonye, ile iitwayo mulika mwizi, atatosheka kwa sababu betri yake haifiki hata wati-saa tano. Mwenye simu kubwa amenunua betri nzuri iliyotiwa urembo.

Kwa hivyo kitu cha kwanza kupimwa ni upana wa paneli, na rula ya mtoto wa shule inatosha. Jua kali la adhuhuri hushusha takriban wati 1,000 katika kila mita mraba ya ardhi. Paneli nzuri za siku hizi hugeuza sehemu moja kati ya tano, au zaidi kidogo, kuwa umeme. Maana yake ni kwamba paneli yenye upana wa karatasi ya A4 haiwezi kupita wati 12 hadi 14, hata muuzaji ale kiapo. Kiganja ni wati mbili.

Anayeonyeshwa kifaa kinachotoshana na daftari dogo na kuambiwa kina wati 30 anaweza kukirudisha mezani bila kuuliza swali la pili.

Uongo mwingine hujificha kwenye tundu la USB. Wati hupatikana kwa kuzidisha volti na ampea. Paneli ikidaiwa kuwa ya wati 20, ilhali kando ya tundu lake pameandikwa volti 5 na ampea 1, mnunuzi atapata wati tano kutoka tundu hilo. Kwa simu ya kisasa yafaa tundu liwe na ampea mbili au zaidi.

Kwa safari ya siku kadhaa mahali pasipo na stima, mathalan Kinango ndani au Ganze, kipimo cha wastani ni paneli ya kukunja ya wati 15 hadi 20. Ikikunjuliwa huwa na vipande viwili au vitatu, na uzito wake ni kama nusu kilo. Iliyoandikwa wati 15 hutoa 10 hivi juani, na kwa saa tano hupatikana umeme wa kujaza simu kubwa na kubakisha akiba ya tochi au redio.

Paneli ya namna hii haina betri ndani yake, na hiyo ni faida. Betri za lithiamu haziwezi kustahimili joto. Kuzichaji zikiwa zimepita nyuzi 45 huzifupishia maisha, na joto likizidi mno zinaweza kuvimba au kushika moto. Pawa benki yenye paneli mgongoni inalazimika kuchomwa na jua ili ifanye kazi, jambo ambalo kwa mwambao huu ni sawa na kuikaanga. Paneli ikiwa mbali na betri, ya kwanza huota jua na ya pili hukaa kivulini chini ya kitambaa, zikiunganishwa kwa waya wa mita moja.

Hali kadhalika, simu yenyewe isiachwe juani karibu na paneli, wala kwenye dashibodi ya gari. Nyingi hukataa kupokea chaji zikipata joto, na mwenyewe akadhani sola imeharibika.

Ni bora pia umeme wa jua uingie kwenye pawa benki ya kawaida mchana, kisha simu ichajiwe kutoka humo usiku. Wingu likipita, umeme wa paneli hushuka kwa ghafla. Baadhi ya simu huacha kuchaji papo hapo na hazianzi tena hata wingu likiondoka, hadi waya uchomolewe na kuchomekwa upya. Pawa benki nyingi ni vumilivu zaidi.

Ya 10,000 mAh inatosha kwa mtu mmoja. Mnunuzi asitarajie kwamba yote yatafika kwenye simu. Yanayofika ni kama 6,000 hadi 6,500, kwa kuwa umeme hupungua unapobadilishwa volti.

Kifaa hakijaribiwi ndani ya duka. Taa ndogo ya kijani huwaka hata chini ya globu na haithibitishi lolote. Muuzaji mwaminifu hatakataa mteja kutoka nacho nje, kukiunganisha na simu yake mwenyewe na kutazama kama alama ya kuchaji inatokea. Kisha mteja aikinge paneli kwa kiwiliwili chake kwa muda mfupi na kuondoka. Chaji ikirudi yenyewe, hiyo ni dalili njema.

Ipo pia mita ndogo ya USB, isiyozidi kidole kwa ukubwa, inayoonyesha volti na ampea zinazopita kwenye waya. Wanaouza na kurekebisha simu aghalabu huwa nayo, na dakika mbili za kuiazima zinaweza kuokoa pesa nyingi.

Jua la Mombasa nalo lina tabia zake. Jiji liko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta, kwa hivyo adhuhuri jua hukaa karibu na utosi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Paneli inayoshonwa mgongoni mwa mkoba, ambayo hupendeza sana kwenye picha, husimama wima kama ukuta na kupokea miale kwa ubavu tu. Katika nchi za mbali na ikweta ambako jua hutembea chini angani, huenda ikafaa. Hapa ni heri kuilaza chali.

Mnamo Juni na Julai jua la adhuhuri huegemea kaskazini, na paneli yafaa kuinuliwa kidogo ielekee huko. Kwa bahati, Makka iko karibu kaskazini kamili ya Mombasa, hivyo anayejua kibla cha mtaa wake hahitaji dira. Desemba huegemea kusini.

Kivuli ni adui mkubwa kuliko wingu. Vijisanduku vya paneli huunganishwa kama shanga kwenye uzi mmoja, na kimoja kikifunikwa na ukuti wa mnazi, umeme wa vyote unaweza kushuka kwa kiasi kikubwa. Kioo cheusi cha dirisha la matatu pia hupunguza miale. Kuchaji ndani ya gari linalotembea, kwa hakika, ni kujisumbua.

Kwa wavuvi wa Mtongwe, na kwa wanaovuka kwenda Wasini, kuna suala la munyu. Hewa ya bahari hutafuna shaba ya tundu la USB hadi ikawa na kutu ya kijani. Kifaa chenye kifuniko cha mpira kwenye tundu hudumu zaidi, na alama ya IP67 humaanisha kimepimwa kwamba hakipenyi vumbi wala maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Paneli ipanguswe kwa kitambaa chenye maji baridi kila ikirudi kutoka pwani.

Kabla ya kulipa, ni vyema kuuliza kama sola inahitajika kweli. Anayekwenda Nairobi na kurudi kesho yake hana haja nayo. Pawa benki iliyojazwa kwa stima nyumbani inamtosha na ni nyepesi. Na kwa familia inayotaka mwanga pamoja na chaji, taa ya sola yenye tundu la USB na paneli yake ya waya huenda ikawa chaguo la busara kuliko hivi vyote.

Taa za aina hiyo zina heri moja. Ubora wake umekuwa ukipimwa kwa miaka mingi, kwanza chini ya mpango wa Lighting Africa wa kundi la Benki ya Dunia, ambao Kenya na Ghana zilikuwa nchi zake za kwanza, na tangu 2020 chini ya VeraSol, inayochapisha orodha ya bidhaa zilizofaulu. Chaja nyingi za mkononi hazijapitia mchujo wowote wa namna hiyo.

Msimu pia uangaliwe. Wakati wa masika, kuanzia Aprili hadi Juni, mawingu yanaweza kukata umeme wa paneli hadi robo au chini yake. Msafiri wa miezi hiyo afadhali abebe pawa benki mbili zilizojaa.

Anayesafiri kwa ndege kupitia Uwanja wa Kimataifa wa Moi, Changamwe, ana sharti jingine. Kanuni za usafiri wa anga zinataka pawa benki iwe kwenye mzigo wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Isiyozidi wati-saa 100 hupita. Kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Zaidi ya hapo hairuhusiwi.

Ya 20,000 mAh, yenye wati-saa 74, haina tatizo. Lakini ile ya bei rahisi iliyoandikwa 50,000 mAh, hata kama ndani yake hamna hata nusu ya hizo, inasomeka kama wati-saa 185, na mkaguzi hufuata maandishi. Mwenyewe anaweza kunyang'anywa kwa kosa la mtengenezaji aliyetia chumvi.

Wanaoelekea Dubai kwa Emirates wajue kwamba tangu Oktoba 1, 2025 shirika hilo huruhusu pawa benki moja tu kwa abiria, isiyozidi wati-saa 100, na ni marufuku kuitumia au kuichaji angani. Paneli isiyo na betri haimo katika makatazo hayo.