Kubandwa: Mchezo wa Chini ya Mti katika Ngara na Biharamulo

Wanaoandika historia ya tamthilia katika Tanzania aghalabu huianzia shuleni, pale michezo ya Kiingereza ilipochezwa mbele ya walimu na wageni waheshimiwa. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walitaka ngoma, jando na matambiko yaingizwe katika hesabu. Hoja yao yapata mfano wenye nguvu, na mtihani pia, katika nchi za magharibi ya Ziwa Viktoria, kwenye ibada ya kubandwa.

Ibada hiyo ilienea tangu Bunyoro hadi Burundi, ikapita Buzinza, ambayo Rusubi ya Biharamulo ilimeguka kwayo, na Bushubi na Bugufi zilizo leo katika wilaya ya Ngara. Bugufi ilikuwa na uhusiano wa karibu na ufalme wa Burundi, ikaangukia upande wa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya 1914–1918. Mpaka uligawa watawala, haukugawa mizimu.

Kisa chenyewe ni cha mwindaji. Ryangombe, aitwaye Kiranga katika Burundi, alikwenda kuwinda ingawa mama yake alimkataza; nyati akamrusha kwa pembe, akafia chini ya mti wenye maua mekundu. Mti huo huitwa umurinzi, na msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kuona kwamba jina hilo ni mlinzi. Waliokuwa wakiingizwa chamani walipelekwa nje ya boma, chini ya mti kama huo. Huko wakongwe walivaa hali za mizimu: huyu Ryangombe mwenyewe, yule mmoja wa jamaa zake, kila mmoja kwa sauti yake, vifaa vyake na msamiati ambao wasioingizwa hawakuufahamu.

Lugha ya ibada yastahili kusikilizwa kabla ya nadharia yoyote. Kubandwa ni kitenzi cha kutendwa: kushinikizwa, kukandamizwa. (Mtu atakumbuka bandika na bandua, lakini yafaa asifanye haraka kudai undugu.) Mzimu huitwa imandwa, kwa mzizi ule ule, b ikiwa imegeuka m kwa nguvu ya ving'ong'o vilivyo kandokando yake; na aliyeingizwa naye huitwa imandwa. Basi Kiswahili husema mtu huigiza, yeye ndiye mtenda. Lugha za huko zasema ametendwa, kisha zampa jina la aliyemtenda. Anayeiita ibada hii uigizaji, bila kueleza zaidi, ameifasiri vibaya tangu neno la kwanza.

Hata hivyo nguvu zake za jukwaani hazikanushiki. Iris Berger ameonyesha jinsi wanawake, waliokuwa wengi miongoni mwa wapagawa, walivyoweza kushika mikuki na kukalia viti vya wanaume muda wote wa ibada. Mke aliyekuwa akinyamaza nyumbani alisikilizwa. Kwamba heshima hiyo haikubadili sana siku zake za kawaida ni kweli pia, na waandishi wanaoisifu ibada mno hulisahau jambo hilo. Wamisionari, kwa upande wao, waliona ushetani tu, wakawataka waongofu waiache.

Shida kubwa ni mtazamaji. Chini ya umurinzi asiyeingizwa alifukuzwa, na siri haikusimuliwa kwake. Aliyeruhusiwa kuona alikuwa amekwisha kuwa mmoja wao, au alikuwa akifanywa hivyo saa ile ile, kwa hofu na kwa kiapo. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), nayo yamwonyesha mtu aliyeshikwa na mzimu, Hongo, na kusema kwa amri yake. Lakini waliokuja kuitazama chuoni Dar es Salaam walikaa vitini, wakapiga makofi, wakaenda zao bila kiapo.