Mbooni na Mvua ya Pupa

Ukambani huhesabu miaka yake kwa njaa. Ipo Ngomanisye ya mwishoni mwa karne ya 19, na ipo ya 1961, Yua ya Ndeke, iliyoitwa hivyo kwa kuwa chakula cha msaada kilidondoshwa na ndege. Ila mwaka huohuo, kuanzia Oktoba, mvua zilinyesha kupita kiasi na mito ikafurika karibu Kenya nzima. Katika jina lile, gharika haimo.

Anayetaka kuisoma historia ya dhoruba aende Kikima, mji wa soko juu ya vilima vya Mbooni, Makueni, aangalie mashamba. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huvuka nyika, ikakutana na vilima, ikapanda na kupoa hadi ikawa mawingu ya radi. Misimu ni miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, lakini sehemu kubwa ya maji huweza kushuka kwa dhoruba chache tu. Tufani zinazozunguka na kubomoa miji kule Oklahoma si hofu ya hapa. Upepo unaotangulia mvua huweza kung'oa mabati. Hasara ya kudumu ni udongo.

Miaka ya 1930 udongo huo uliishia mitoni kwa kasi iliyomtisha hata mkoloni. Mwaka 1937 ofisa wa kilimo Colin Maher aliandika ripoti kali kuhusu makorongo ya Machakos, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni. Serikali ikaamua mkosaji ni ng'ombe. Mwaka 1938 ikaanza kuwauza kwa nguvu, huku kiwanda cha nyama cha Liebig, Athi River, kikisubiri. Wakamba kwa maelfu, Muindi Mbingu akiwa kiongozi wao, walikwenda Nairobi wakapiga kambi kwa wiki kadhaa. Uuzaji wa lazima ukasitishwa. Muindi akahamishiwa Lamu.

Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, hilo Maher hakulizua. Lakini kumlaumu ng'ombe peke yake kulikuwa rahisi mno, ilhali malisho mazuri, yakiwemo ya vilima vya Mua, yalikuwa yameshatwaliwa na walowezi na watu kusukumiwa miteremkoni.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja amri ya kuchimba matuta. Watu waliichukia, na uhuru ulipopatikana wengi waliweka jembe chini. Kilichookoa miteremko ni kile walichokichagua wenyewe: fanya juu. Mkulima huchimba mtaro kwa kufuata usawa wa mlima na kuutupa udongo upande wa juu, si wa chini. Maji yakija kwa pupa hugota kwenye tuta, hutua udongo na kuzama ardhini. Misimu ikipita, mteremko hugeuka ngazi. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, wengi wao wanawake, vilihama shamba hadi shamba, na katika miaka ya 1970 na 1980 matuta yalienea kuliko wakati wowote wa amri.

Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha utafiti wao mwaka 1994, ilibainika kwamba watu wa wilaya ya Machakos walikuwa wameongezeka kutoka takriban 240,000 mwaka 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Matuta, hata hivyo, hulinda shamba, si barabara. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya kwenda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika, karibu na Mwingi, Kitui. Zaidi ya watu 30 walikufa. Mito ya mchanga ya namna hiyo hukaa mikavu sehemu kubwa ya mwaka, na maji yanayoijaza huweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali juu, pale kivukoni kusionekane hata wingu.