Toronto: Hesabu ya mwaka 1947 iliyotangulia grafini

Msikilizaji, penseli iliyo mkononi mwa mwanafunzi, awe Toronto au Tanga, ina kiini cheusi ambacho wengi hudhani ni risasi. Hakika hicho ni kinywe, madini yapatikanayo pia Mahenge, mkoani Morogoro, nchini Tanzania. Kinywe ni atomu za kaboni zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka limefumwa kwa pembe sita mfano wa sega la nyuki.

Anayetambuliwa kuwa wa kwanza kukokotoa mwenendo wa elektroni katika tabaka moja la namna hiyo ni Philip Russell Wallace, aliyezaliwa hapa Toronto mwaka 1915 na kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1940. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alifanya kazi katika mradi wa nyuklia wa Kanada. Zama hizo kinywe kilitumika katika vinu vya nyuklia kupunguza kasi ya nyutroni, hivyo ilibidi tabia zake zieleweke.

Mwaka 1947 Wallace alichapisha hesabu zake katika jarida la Physical Review. Alianza na tabaka moja ili kurahisisha kazi. Akakuta kwamba tabaka hilo si kipitishi cha umeme kama shaba, wala si kihami kama kioo; limesimama mpakani. Kwa zaidi ya nusu karne, tabaka hilo likabaki hesabu ya karatasini.

Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walilibandua kwa utepe wa gundi. Ndiyo grafini, iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2010.

Kitu chenye unene wa atomu moja hakina ndani. Chote ni uso. Basi kila kinachotua juu yake hukigeuza. Mwaka 2007 ilidhihirika kwamba hata molekuli moja ya gesi hubadili upitishaji wake wa umeme. Mwaka 2009 grafini ilibandikwa atomu za haidrojeni, ikawa kihami. Ilipopashwa moto, haidrojeni ikatoka na umeme ukapita tena. Mwaka 2010 ikafuata florini. Grafini ya kawaida humeza asilimia 2.3 ya mwanga. Iliyofunikwa kwa florini iliuachia mwanga mwingi unaoonekana upite, ikaanza kuumeza upande wa buluu tu.

Wallace alifariki dunia mwaka 2006. Hesabu yake inatuachia funzo sisi wa Afrika Mashariki. Kinywe hupimwa kwa tani, lakini siri yake imo katika unene wa atomu moja. Nchi itakayochimba bila kusomesha vijana wake fizikia hiyo itauza uzito, kisha inunue maarifa.